Sebule Ndogo, Sauti Safi: Namna ya Kuchagua Sabufa, Saundiba au Homu Thieta

Ukiingia maduka ya vyombo vya umeme Kariakoo, au ukipita Luthuli Avenue pale Nairobi, besi hukukaribisha kabla ya mwenye duka. Spika zimepangwa mlangoni, zimeelekezwa barabarani, kifua kinatetemeka, na watu wengi huamua papo hapo. Wanachosahau ni kwamba barabara haina kuta nne. Mzigo uleule ukifika kwenye sebule ya futi 10 kwa 12, yenye makochi, kabati la vyombo na friji pembeni, unakuwa kitu kingine kabisa. Besi inavuma, mtangazaji wa mpira hasikiki anachosema, na jirani anagonga ukuta.

Mwongozo huu ni wa anayeishi chumba na sebule, bedsita, au nyumba ya kupanga ambayo ukuta mmoja ni wako na wa mwenzako. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usinishangae huko mbele: kwenye chumba kidogo, tafuta kwanza maneno yasikike vizuri, besi itafuata. Karibu kila kifaa kinachouzwa mitaani kwetu kimepangwa kinyume cha hapo.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla hujapima mfuko

Chukua futi ya fundi, andika kwenye simu: urefu na upana wa sebule, umbali kutoka TV hadi unapokaa, nafasi iliyobaki chini ya TV na pande zake mbili, na soketi ziko wapi. Ukuta upi ni wa jirani, nao uandike. Dari pia liangalie: ni jipsamu, ni mbao, au ni bati tupu? Nyumba nyingi za kupanga za uswahilini kuta za ndani zinaishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja unaopita vyumba vyote. Sauti hupanda huko na kushukia kwa mwenzako bila hodi.

Tuchukue mfano wa futi 10 kwa 12, yaani takriban mita 3.05 kwa 3.66. Ukiondoa unene wa kochi na kina cha meza ya TV, masikio yako yatakuwa kama mita 2.2 kutoka kwenye skrini. Namba hiyo ya mita 2.2 ishike, maana ndiyo itakayotuambia wati ngapi zinatosha na spika zikae wapi.

Sasa jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Sauti husafiri kama mita 344 kwa sekunde. Mlio wa besi wa Hz 47, yaani mitetemo 47 kwa sekunde, una wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita 7, na nusu yake inaingia sawasawa kwenye urefu wa sebule yetu ya mita 3.66. Mlio huo ukitoka, ukuta wa mbele na wa nyuma vinarushiana, na unavimba kupita milio mingine yote. Huvimba zaidi karibu na kuta na kufifia katikati ya chumba. Na kochi kwenye sebule ndogo linakaa wapi? Limeegemea ukuta. Umekaa pale pale besi inapojazana.

Chumba cha mraba ni kibaya zaidi. Futi 10 kwa 10, pande zote mbili zinavimbisha mlio uleule wa karibu Hz 56, na ndiyo maana kuna nyumba ambazo kila wimbo unasikika kama una noti moja tu ya besi, duu, duu, duu, hata ubadilishe msanii. Kifaa hakina ubovu wowote hapo, ni vipimo vya chumba. Kuta za matofali ya saruji huibakisha besi ndani kuliko kuta za mbao au mabati, ambazo huivujisha nje. Kwa hiyo anayekaa nyumba ya saruji anahitaji sabufa, yaani spika ya besi, ndogo kuliko anavyodhani.

Hatua ya 2: Orodhesha unachotazama kweli

Usiandike unachotamani kutazama. Andika cha wiki iliyopita: ligi kwenye king'amuzi, taarifa ya habari, tamthilia za Kituruki, filamu za kutafsiriwa zilizowekwa kwenye flashi, YouTube, bongofleva wakati wa usafi Jumamosi. Karibu vyote hivyo sauti yake ni ya stirio, yaani njia mbili tu, kushoto na kulia. Filamu ya kutafsiriwa ndiyo kabisa: sauti ya anayesimulia imewekwa juu ya sauti ya filamu, na vyote vimekandamizwa pamoja.

Spika za nyuma za homu thieta zina kazi pale tu ambapo filamu ina njia zake tano, kwa mfano kwenye Netflix kwa kifurushi na kifaa kinachozitoa, au kwenye diski. Ukizipa stirio, ama zinakaa kimya, ama kifaa kinabuni kwa kurudia sauti ya mbele nyuma yako. Kama sehemu kubwa ya orodha yako ni mpira na flashi, unakaribia kulipia spika tatu, mbili za nyuma na moja ya katikati, ambazo hazitafanya kazi.

Hatua ya 3: Elewa namba, kisha chagua aina

Kwenye boksi utakuta namba kama 2.1 au 5.1. Namba ya kwanza ni spika za kawaida, ya pili ni sabufa, ya tatu ikiwepo ni spika za kupiga juu. Kwa hiyo 2.1 ni kushoto, kulia na sabufa. 3.1 inaongeza spika ya katikati, ambayo kazi yake kubwa ni maneno. 5.1 inaongeza mbili za pembeni na nyuma. 5.1.2 ina mbili za kurusha sauti darini ili irudi kama inatoka juu. Hizo zinataka dari tambarare na gumu, hivyo kama juu yako ni bati lililoinama au turubai, usipoteze hela.

*Sabufa ya 2.1*, hii ya mtaani tunayoijua: Sea Piano, Aborder na ndugu zao kwa Tanzania, Vitron na Sayona kwa Kenya. Inasoma flashi, ina redio, ina Bluetooth, na nyingine zina tundu la volti 12 kwa wenye sola. Kwa fedha unayotoa hakuna kinachoishinda kwa muziki. Ila ina ugonjwa mmoja unaojirudia: spika zake mbili za pembeni ni ndogo mno. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ya inchi 3 ndani ya kiboksi cha plastiki haiwezi kushuka chini vya kutosha, kwa hiyo kiwanda kinaiachia sabufa ibebe hadi sehemu ya sauti ya mwanaume. Matokeo yake mtangazaji nusu yake inatoka kwenye TV na nusu inatoka chini ya meza.

Kuna jaribio la kuligundua hilo dukani. Weka mwanaume anayesoma habari, punguza sauti, uiname usogeze sikio kwenye sabufa. Ukisikia mngurumo tu, sawa. Ukiweza kufuata maneno anayosema, spika za pembeni ni ndogo mno, achana nayo hata kama inang'aa taa za rangi saba.

*Saundiba* ni bomba refu jembamba linalokaa chini ya TV. Kwa sebule iliyobanwa ndiyo jibu jepesi kuliko yote: waya mmoja hadi kwenye TV, mmoja hadi kwenye soketi, basi. Ikiwa na spika ya katikati, yaani 3.1, maneno yanasikika vizuri hata sauti ikiwa chini. Angalia mambo mawili. Kwanza urefu wake wa kwenda juu: pima uwazi ulio chini ya TV, kwa sababu nyingi zina sentimita 5 hadi 7, na zikizidi uwazi huo zinaziba jicho la rimoti, halafu unaanza kunyanyuka kila ukitaka kubadili chaneli. Pili, sabufa yake "isiyo na waya" ina waya. Isiyo nao ni wa sauti tu. Wa umeme uko pale pale na unataka soketi yake.

Kasoro ya saundiba ni upana. Stirio nzuri hutaka spika mbili na wewe mfanye pembetatu iliyo sawa pande zote. Ukikaa mita 2.2, spika ziachane mita 2.2. Sebule zetu haziruhusu hilo, lakini hata mita 1.5 inatosha kumsikia mpiga gitaa upande huu na kinanda upande ule. Saundiba ya sentimita 90 haifiki huko. Kwa mpira na filamu huwezi kulalamika. Kwa mpenzi wa taarabu au rumba, anayetaka kusikia kila ala imekaa mahali pake, itamkera.

*Spika mbili za mezani zenye amplifaya ndani*, bila sabufa, ndizo ninazozipenda binafsi kwa chumba kidogo. Koni ya inchi 4 au 5, kiboksi cha mbao ngumu, zimekaa pande mbili za TV. Kuta zenu zilizo karibu zinaziongezea besi bure. Ubaya ni kwamba madukani hazionekani kirahisi, na wauzaji wengi watakuambia hizo ni za kompyuta. Waache waseme.

*Homu thieta ya 5.1* inakuja na maboksi mengi na furaha nyingi. Spika za nyuma zinatakiwa zikae pembeni na nyuma kidogo ya masikio yako, kama nyuzi 110 kutoka mbele ya uso. Kochi likiwa limeegemea ukuta, nyuma hapana nafasi, na spika ya kulia inajikuta sentimita 40 kutoka sikio la mgeni aliyekaa ukingoni. Yeye anasikia mvua ya filamu tu, hadithi haimfikii. Halafu kuna waya wa kuvuka mlangoni, ambao watoto wataukanyaga. Kama kochi lako linaweza kusogea mbele hata nusu mita, na filamu ndiyo starehe yako kuu, nunua kwa moyo mmoja. Nje ya hapo, fedha ya 5.1 ya bei ya chini inanunua 2.1 au 3.1 nzuri zaidi.

Na vya mtumba? Vipo vizuri sana, hasa amplifaya na spika za zamani zilizotoka Ulaya na Japani. Tazama sponji inayozunguka koni: bonyeza taratibu kwa kidole. Ikimomonyoka kama keki iliyokauka, imeoza, na kuibadilisha ni kazi ya fundi.

Hatua ya 4: Usidanganywe na wati

Boksi limeandikwa 10,000W PMPO kwa herufi kubwa kuliko jina la kifaa. PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika; kiwanda kinaandika kinachotaka. Wati za kuangalia ni za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo.

Hata RMS nayo huongopewa. Njia ya uhakika ni kugeuza kifaa mgongoni. Kuna kibandiko kidogo, mara nyingi cha fedha au cheusi, pembeni ya waya wa umeme. Kimeandikwa kitu kama AC 220-240V, 50Hz, 50W. Hizo wati 50 ndizo kifaa kinachokula kutoka ukutani. Hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya kinachokula, na sehemu ya hicho kinachokula inaishia kuwa joto. Mbele 10,000, nyuma 50: amini nyuma.

Sasa, je, hizo kidogo zinatosha? Hesabu ni hii. Spika ya kawaida ikipewa wati 1 hutoa kama desibeli 86 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1 mbele yake. Kwenye mita 2.2 unapoteza takriban 7, unabaki na karibu 80. Mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama 60. Maana yake wati moja tu, kwenye sebule yetu, tayari ni kelele kuliko unavyotazama taarifa ya habari. Kila ukizidisha wati mara 10 unaongeza desibeli 10, ambazo sikio huziona kama sauti imekuwa kubwa maradufu. Wati 10 zinakufikisha 90, na hapo mama mwenye nyumba ameshafika mlangoni.

Kwa hiyo wati 20 hadi 30 za kweli kila upande ni nyingi za kutosha, na sabufa yenye koni ya inchi 6.5 inakidhi. Inchi 8 ndiyo mwisho wangu kwa chumba cha aina hii. Inchi 10 na 12 ni za ukumbi, baa na gari la matangazo.

Kwenye umeme wala usiogope: kifaa cha wati 50, hata kikila zote kwa saa 4, ni uniti 0.2 tu za LUKU.

Hatua ya 5: Angalia matundu nyuma ya TV yako

Kabla ya kwenda dukani, piga picha nyuma ya TV. Ni dakika moja, inakuepusha na safari ya pili.

Tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC kwa herufi ndogo pembeni. TV inaweza kuwa na HDMI tatu na ni moja tu yenye maandishi hayo. Ukichomeka waya hapo na upande wa pili kwenye tundu la ARC la saundiba, sauti ya kila kitu, iwe king'amuzi, flashi au YouTube ya TV, inapita waya huo mmoja, na rimoti ya TV ndiyo inayopandisha na kushusha. Njia hii ipo tangu 2009, lakini usidhani kila TV mpya ya bei nafuu inayo.

Kama ARC haipo, tafuta tundu la mraba lenye kifuniko kidogo, linalotoa mwanga mwekundu likiwa linafanya kazi. Waya wa mwanga unabeba stirio na hata 5.1 ya kawaida bila shida. Tatizo lake ni kwamba rimoti ya TV kwa kawaida haitabadilisha sauti, utakuwa na rimoti mbili mkononi. Baada ya hapo kuna tundu la hedifoni na zile nyaya za nyekundu na nyeupe, ambazo kwa sabufa za 2.1 ndizo zinazotumika zaidi. Zinatosha, msidharau.

Bluetooth iache kwa muziki wa simu. Kwenye TV huchelewesha sauti, wakati mwingine sehemu ya tano ya sekunde. Ni muda mdogo, lakini kwenye mpira unaona wavu umetikisika halafu ndipo unasikia shuti.

Ukiunganisha na sauti isitoke kabisa, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa TV, mahali pa sauti ya kutoka, chagua PCM badala ya otomatiki. Mara nyingi tatizo linaishia hapo, na fundi amekosa elfu kumi yake.

Hatua ya 6: Dukani

Nenda asubuhi siku ya kazi, wakati duka la jirani halijafungulia lake. Beba flashi yako. Weka vitu vinne: mwanaume anasoma habari, mwanamke anazungumza, dakika tano za mpira wenye mtangazaji na kelele za uwanja, na wimbo mmoja unaoujua hadi kikohozi cha mwimbaji.

Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Karibu bosi. Hii hapa inapiga balaa, sikiliza."

"Nashukuru kaka. Naomba tuiweke flashi yangu."

"Hakuna shida. Ngoja nikupandishie."

"Hapana, shusha. Shusha tena. Hapo hapo."

Atakushangaa. Wewe sikiliza kwa sauti ile ambayo utaitumia nyumbani saa tatu usiku. Kifaa kizuri kinabaki na maneno safi kikiwa chini. Kibaya kinageuka minong'ono juu ya mvumo. Kisha omba besi iwekwe sifuri. Ukibaki na sauti kama ya redio ya mkulima, ujue spika za pembeni hazina kitu, sabufa ndiyo ilikuwa inaficha.

Hapo hapo uhakikishe kuna kirekebisho cha besi peke yake, kwenye kifaa au kwenye rimoti, tofauti na sauti ya jumla. Bila hicho usinunue. Ndicho utakachokigusa kila siku kuliko kingine chochote.

Mwisho pandisha sauti hadi robo tatu kwa nusu dakika, uweke kiganja juu ya kiboksi. Kikitetemeka na kulialia kama kopo, ni plastiki nyembamba au mbao zisizobana. Gonga kwa vifundo vya vidole: mlio mfupi na mzito ni mzuri, mlio wa debe tupu si mzuri.

Ukiridhika, usikubali boksi lililofungwa "kutoka stoo" bila kulifungua. Lifungueni pale pale, liwashwe, namba ya kifaa ilingane na ya kwenye boksi. Dai risiti; kwa Tanzania ni ya EFD, ile mashine ya kodi. Waranti iandikwe tarehe na kugongwa muhuri wa duka. Ya mdomo haina mwenyewe.

Hatua ya 7: Kuipanga nyumbani

Nusu ya ubora wa sauti unapatikana hapa, na haugharimu hata senti, isipokuwa jasho.

Spika za pembeni ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, zikutazame. Usizitundike karibu na dari kama za kanisani, na usizisukumie ndani ya kabati la TV, maana kabati lenyewe linaanza kuimba. Saundiba iletwe mbele kabisa ya meza, isiwe nyuma ya miguu ya TV.

Sabufa ndiyo yenye kazi. Sauti za chini ya takriban Hz 80 sikio haliwezi kusema zinatoka wapi, kwa hiyo una uhuru wa kuiweka popote. Watu huitupa kwenye kona, na kona ndipo besi inapovimba kuliko kwingine kote. Fanya hivi: iweke sabufa juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Cheza wimbo wenye besi inayotembea, inayopanda na kushuka noti. Sasa wewe zunguka chumba kwa magoti, kichwa karibu na sakafu, ukisikiliza kila mahali panapoweza kukaa sabufa. Wanao watacheka. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa, hakuna inayoruka juu wala kupotea, ndipo pa kuiweka. Kanuni ni ileile hata mkibadilishana nafasi, wewe na sabufa.

Iache sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, hasa kama tundu lake la hewa liko nyuma, na isiwe ukuta wa jirani. Chini yake weka kipande cha sponji ngumu ya godoro ili mtikisiko usiingie sakafuni. Ghorofani hilo ni la lazima. Anayekaa chini yako anasikia sakafu kuliko anavyosikia muziki.

Kisha piga kofi moja kali katikati ya sebule. Ukisikia mlio wa kengele unaofuatia, chumba kina mwangwi: marumaru chini, kuta tupu, vioo. Zulia mbele ya TV, pazia zito na makochi ya kitambaa vitasafisha maneno kuliko kifaa cha bei mara mbili. Kabati la vitabu ukuta wa nyuma linasaidia. Besi hata hivyo haizuiliki kwa pazia, ile ni ya kupunguza kwa kirekebisho tu.

Hatua ya 8: Usiku na majirani

Vifaa vingi vina hali ya usiku kwenye rimoti. Inashusha milipuko na kunyanyua minong'ono. Iwashe kuanzia saa tatu. Kama haipo, shusha besi hadi robo na uongeze kidogo sauti ya jumla. Maneno hayapiti ukuta wa tofali kirahisi, besi inapita.

Sheria ipo pia. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za 2009, Tanzania ina za kwake za 2015, na zote zinawahusu hata wa majumbani. Ila kwa uzoefu wa nyumba za kupanga, kumwambia jirani "ikizidi nigongee tu, usione haya" kunamaliza mengi kabla ya balozi wa nyumba kumi hajaitwa.

Hatua ya 9: Umeme

Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi ndipo hupanda na kushuka, na kifaa cha kwanza kufa ni amplifaya. Kile kidude cha kulindia TV, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, kinafaa hapa pia; TV, king'amuzi na sauti vyote vichomekwe kwenye ekstensheni moja iliyotoka humo. Inasaidia pia kuondoa ule mngurumo mdogo unaosikika vifaa viwili vikiwa kwenye soketi tofauti.

Aliye na ndugu Marekani au anayenunua mtumba wa Japani asome kile kibandiko cha nyuma mara mbili. Marekani wanatumia volti 120, Japani 100. Sisi ni 230 hadi 240. Kikiandikwa 100-240V, badili plagi tu utumie. Kikiandikwa 120V au 100V peke yake, kinahitaji transfoma ya kushusha, na wati za transfoma zizidi za kifaa. Cha Dubai au Oman hakina taabu hiyo, volti zinalingana na zetu na plagi ni ileile ya miguu mitatu ya bapa.